Sista Mbio na Nesi wa Kutoka Nje

Wodi ya wazazi ilimwita Sista Mbio, maana hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Chai yake ilipoa dirishani, viatu vikaisha upande. Manesi walikuwa wakipungua: huyu kastaafu, yule kahamia hospitali ya kulipia, na binti yake mwenyewe, nesi aliyemnoa kwa mikono yake, kapata kazi ng'ambo.

"Tusomeshe wasichana wa hapahapa," alimwambia mganga mkuu. "Wahudumu wangu wa usafi wana akili, tena wana moyo."

"Sista, nesi haivi kwa siku moja. Wazazi wanajifungua leo. Nimeagiza wa nje."

"Na hao wa nje wanaota mtini?"

Mgeni akaja: mama mtu mzima, mpole, lugha ya kuokoteza. Sista akamnunia waziwazi. Akampa vitanda atandike, naye akatandika vyote.

Mchana mmoja mzazi aliyetoka kujifungua akaanza kumwaga damu. Sista alikuwa na mwingine mikononi, kichwa cha mtoto kishachungulia, hakuweza kubanduka. Akapiga ukelele. Alipotupa jicho, mgeni alikuwa keshafika, analikanda tumbo la yule mama kwa nguvu zote huku akimsemesha: "Niko hapa, dada. Niko hapa." Damu ikakata.

Baadaye, wakinawa mikono, Sista alishindwa kujizuia.

"Wodi yako ya kwenu umemwachia nani?"

Mgeni akafunga bomba taratibu. "Hakuna mtu, dada. Wakinipigia simu, naogopa kupokea."

Sista akakosa pa kuweka uso. Alimfikiria bintiye, pengine naye huko ananuniwa, anatandika tu vitanda.

Kesho yake alimwita mhudumu mmoja wa usafi, msichana mwepesi wa kushika mambo, akamweka ubavuni mwa mgeni ajifunze kwa kutazama. Kisha akamganda mganga mkuu, asubuhi na jioni, hadi mzee wa watu akasalimu amri na kumtafutia msichana nafasi chuoni.

Roho ya Sista haikutulia hata hivyo. Msichana alipokuja likizo, amependeza ndani ya sare mpya, Sista alimkumbatia, kisha akamshika mabega.

"Ukimaliza, mwanangu, utabaki na sisi?"

Msichana akacheka, akatazama chini. Kabla hajajibu, mzazi akaita kutoka kitanda cha mwisho, na Sista akatoka mbio.