Koti Jeupe la Clement Oldroyd

Clement Oldroyd alifanya kazi katika kiwanda cha mazulia cha Halifax tangu alipoacha shule mpaka mitambo ilipozimwa na milango kufungwa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye mabega yaliyoinama kidogo mbele kwa sababu ya kuinamia nyuzi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akisimama mbele ya mkubwa yeyote, awe msimamizi, daktari au karani wa benki, mikono yake ilikwenda mgongoni yenyewe na kushikana huko, kama askari aliyeambiwa apumzike bila kupumzika. Mkewe Noreen alikuwa akimtania: "Teremsha mikono, Clem, hakuna anayekukagua."

Binti yao wa pekee, Janice, aliolewa na kijana wa watu wa kusini, Surrey, kwenye nyumba zenye bustani mbele na nyuma. Siku ya harusi Clement alivaa suti nyeusi aliyokuwa nayo na viatu vya kahawia alivyokuwa navyo, ingawa desturi ya suti nyeusi ni viatu vyeusi. Baba wa bwana harusi, Hugh Farnaby, alipomsalimia aliviangalia vile viatu, kisha akageuza macho upesi kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mna mtu. Hakusema neno. Lakini Clement aliyabeba macho yale mpaka nyumbani, na kwa miaka mitatu kila alipovipiga rangi viatu vile alimwona Hugh Farnaby akitazama pembeni.

Ndipo wakwe wale walipowaalika waende wote wanne safari ya meli, kutoka Southampton mpaka Norway na kurudi. Noreen alifurahi kama msichana. Kampuni ya meli ilituma kijitabu, naye akakisoma kwa sauti mezani, wakati wa chai.

"Usiku wa mavazi rasmi ni mara mbili," alisema. "Wanawake gauni refu. Wanaume koti jeusi la dhifa, tai ya kipepeo, au suti ya rangi iliyokoza. Pale karibu na soko kuna duka wanakodisha, Clem. Twende Jumamosi ukapimwe."

"Jeusi?" Clement akaweka kikombe chini. "Nifanane na wabeba majeneza?"

"Ufanane na wenzako."

Lakini ndani ya kijitabu kile mlikuwa na picha. Mwanamume mwenye nywele za mvi amesimama kwenye sitaha, amevaa koti jeupe na tai nyeusi, mkono mmoja mfukoni, kama bahari yote ni shamba lake. Clement aliitazama picha ile mara nyingi kuliko alivyotaka mkewe ajue. Wiki moja baadaye, katika duka la mitumba la kanisa, akaliona koti lenyewe likining'inia kati ya makoti ya mvua. Jeupe la maziwa, kola yake ya hariri inang'aa. Alilivaa mbele ya kioo na mabega yake yakanyooka.

Noreen alipoliona alikigusa kitambaa chake, akasema, "Ni zuri, sikatai. Lakini huko tunakokwenda ni baridi, mpenzi. Nyeupe nadhani ni za visiwa vya joto. Meli nzima watavaa nyeusi."

"Basi hawatashindwa kunijua."

"Clem, nisikilize."

"Mara moja tu, Noreen. Mara moja katika maisha yangu niache nivae ninachotaka."

Noreen akamkubalia. Kiuno cha koti kilikuwa kipana, mikono mirefu. Noreen akalifumua na kulishona upya, jioni baada ya jioni, redio ikiimba kando yake, na alipomaliza lilimkaa Clement utadhani alikatiwa yeye.

Usiku wa kwanza wa mavazi rasmi ulikuwa ule nahodha alipowakaribisha abiria kwenye ukumbi mkubwa. Clement na Noreen waliteremka ngazi wameshikana mikono, yeye na koti lake, Noreen na gauni la kijani. Kwenye ngazi ya mwisho Noreen akakumbuka miwani yake.

"Nisubiri hapohapo, usiondoke," akasema, akarudi chumbani.

Clement akasimama karibu na mlango. Ukumbi ulikuwa umejaa wanaume waliovaa nyeusi tititi kutoka kola mpaka viatu, vifua tu ndivyo vyeupe. Na katikati yao, wakipenyapenya na sinia zao, walikuwa watu wengine waliovaa makoti meupe na tai nyeusi. Clement alimtazama wa kwanza, akamtazama wa pili. Kisha akajitazama mwenyewe. Mikono yake ikaenda mgongoni ikashikana.

"Kijana," sauti ya mwanamke ikasema kando yake.

Alikuwa bibi mzee mwenye lulu shingoni na fimbo yenye kishikio cha fedha. Clement alikuwa na miaka sitini na mitatu.

"Kijana, tuletee mvinyo mweupe, glasi mbili. Na uwe wa baridi safari hii, ule wa kwanza ulikuwa kama chai."

Alikuwa na nafasi ya kusema. Angesema tu, bibi, samahani, mimi ni abiria kama wewe, wangecheka wakaachana. Lakini kinywa chake, kilichozoea miaka yote ile mbele ya wakubwa, kilijibu kabla yake.

"Ndiyo, bibie."

Akaenda. Miguu ilimpeleka mpaka kaunta ya vinywaji, akaomba glasi mbili, akapewa, akarudi nazo akipenya katikati ya watu kwa uangalifu zisimwagike. Alikuwa anamkabidhi bibi yule glasi ya pili aliposikia jina lake.

"Clement! Umeshapata kazi?"

Ni Hugh Farnaby, na mkewe Daphne ameshika mkono wake, wote wawili wamependeza kama waliozaliwa na nguo zile mwilini. Hugh alicheka kwa moyo mweupe, hakuwa mtu mbaya. Bibi wa lulu akaangalia huku na huku, akaelewa, akafunika mdomo.

"Jamani! Jamani, bwana, nisamehe. Mimi na macho yangu haya! Nisamehe sana."

"Si kitu, bibie."

"Na ulikwenda kweli ukaleta! Mungu wangu. Harold, mume wangu, umeona nilichofanya? Bwana huyu ni abiria!"

Kadiri alivyoomba radhi ndivyo vichwa vilivyozidi kugeuka. Clement alitamani sakafu ipasuke, bahari iliyo chini imchukue. Noreen alipofika na miwani yake alimkuta mumewe mwekundu mpaka masikioni, na Hugh ndiye aliyemhadithia, maana Clement hakuweza.

Walipoketi mezani yangeweza kuishia hapo. Lakini mhudumu alipoleta supu, Hugh, aliyekwisha kunywa kidogo, akamwambia, "Mpe huyu mwenzako sahani mbili abebe, ana uzoefu." Daphne akamkanya, "Hugh, acha," huku naye akicheka. Mume na mke wa Bristol waliokaa nao meza moja wakataka kujua kisa, wakahadithiwa. Kicheko kikazunguka meza. Hata mhudumu alitabasamu, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Ndipo Clement akasema lile neno.

"Msinilaumu mimi," alisema, akilazimisha uso wake ucheke. "Mlaumuni Noreen. Mimi nilitaka nyeusi kama watu. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania hii, akaishona na kuishona. Wanawake bwana, utafanyaje?"

Na kicheko kikaondoka kwake. Alikisikia kikiondoka, kama mzigo uliotuliwa kichwani, kikaenda kumwangukia mkewe. Yule wa Bristol akasema wake wote ni hivyohivyo. Daphne akamwinamia Noreen, akampigapiga mkono kwa huruma. "Usijali, mpenzi. Ungejuaje? Kwa bahari za joto lingefaa kabisa."

Shingo ya Noreen ilikuwa inapanda wekundu, polepole, kutoka kwenye ukosi wa gauni la kijani. Clement alimwona. Alijua kwamba neno moja tu la mkewe lingemvua nguo mbele ya meza nzima. Noreen alikunja kitambaa chake cha mezani, akakikunjua.

"Niliona lingempendeza," alisema.

Kisha akala supu.

Chumbani alimfungulia kifungo cha tai nyuma ya shingo, kama alivyozoea kumsaidia, bila kulalamika wala kununa. Clement akaanza, "Noreen, pale mezani..." Noreen akasema, "Inua kidevu." Tai ikafunguka, akaiweka mezani, akaenda kulala. Kama angemgombeza, Clement angejitetea. Hakuachiwa hata upenyo huo.

Siku zilizofuata Noreen alikuwa Noreen yuleyule. Alisimama kwenye sitaha akatazama maporomoko ya maji yakishuka milimani. Katika mji wa Bergen alinunua sufu ya kijivu amfumie mjukuu aliyekuwa njiani. Aliongea na Daphne juu ya watoto, akamkumbusha Clement kuvaa skafu. Lakini kila mara Clement alipomtazama aliiona ile shingo ikipanda wekundu. Alijua yeye ni mtu wa namna gani sasa. Maisha yake yote alikuwa akiogopa kudharauliwa na watu wa juu yake, na siku ilipofika alimweka mbele mtu pekee ambaye hakuwahi kumdharau.

Usiku wa pili wa mavazi rasmi ulipofika, alikaa kitandani na soksi mguu mmoja.

"Tumbo linanisumbua," akasema. "Nenda wewe. Waambie."

Noreen alikuwa mbele ya kioo akivaa hereni. Hakugeuka.

"Wadanganye wao ukipenda, Clem. Mimi usinidanganye."

Akachukua mkoba wake, akaenda peke yake.

Clement akakaa. Baadaye njaa ikamtoa, akavaa sweta lake, akapanda juu kwenye ukumbi mdogo wanakokula abiria wasiotaka kuvaa rasmi. Kulikuwa na watu wachache. Mzee mmoja mnene wa Grimsby, aliyekuwa na mkewe, akamwita kwenye meza yao.

"Karibu, ndugu, keti na sisi tusio na adabu! Siku ya mapengwini, wale ndege weusi wa barafuni wenye vifua vyeupe, sisi huhamia huku. Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko chini."

"Chini? Na mapengwini? Peke yake?" Mzee akamtazama, uma hewani. "Mmegombana?"

"Hapana," Clement akasema. "Hajanigombeza hata kidogo."

Mke wa yule mzee alikuwa akimtolea mumewe miiba ya samaki na kuipanga pembeni mwa sahani. Clement aliitazama ile miiba. Akilini akamwona Noreen kando ya kiti kitupu, akiulizwa, akisema tumbo, akimfichia tena kama alivyomfichia mara ya kwanza. Akaweka sahani yake chini bila kuionja.

Chumbani alivaa koti jeupe. Kifungo cha tai kilimshinda, mwisho akakiacha wazi nyuma, chini ya kola. Akashuka ngazi, akapita katikati ya ukumbi wa kulia chakula. Watu waligeuka, baadhi wakatabasamu, maana kisa chake kilikuwa kimeshazunguka meli. Alifika mezani wakiwa kwenye nyama. Hakuketi.

"Nina neno," akasema, na mikono yake ilikuwa mgongoni. "Juzijuzi nilisema Noreen ndiye aliyelichagua koti hili. Nilisema uongo. Yeye alitaka jeusi. Alinisihi. Mimi ndiye niliyelitaka."

Hugh akamtazama, uma mkononi, akimngoja aendelee. Alipoona yameisha, uso wake ukafunguka.

"Koti? Aa, Clement, kaka, nani anakumbuka hayo! Keti, keti, unywe kitu."

Mume na mke wa Bristol walicheka kidogo, wakarudi kwenye mazungumzo yao ya bei za nyumba. Kweli hawakukumbuka. Kitu alichokibeba siku zote zile kilikuwa kimewapita kama mvuke wa supu, na aliyekibeba pamoja naye alikuwa mmoja tu.

Noreen hakumwangalia usoni. Alikiona kile kifungo kilichoachwa wazi, akanyoosha mkono, akakifunga.

"Keti, Clem," akasema. "Nyama inapoa."

Aliketi. Alimtafuta mkewe macho jioni ile yote aone kama amesamehewa. Noreen alimpitishia chumvi.

Waliporudi Halifax, Janice na mumewe walikuja kula Jumapili. Noreen aliwahadithia kisa cha bibi wa lulu. Alikihadithia vizuri ajabu, akaigiza fimbo, akaigiza "Kijana!", akaigiza Clement akipita na glasi zake kama amebeba mayai, mpaka Janice akafuta machozi. Aliishia pale bibi alipofunika mdomo. Ya supu hakuyagusa.

Kwa miaka mingi kisa kile kilikuwa chake. Alikihadithia Krismasi, kwenye ubatizo wa wajukuu, kwa majirani ng'ambo ya ua wa nyumba. Kila mara Clement aliketi akitabasamu, akingoja kuona kama leo ataendelea mpaka mwisho. Wala hakuendelea hata siku moja. Na kila aliponyamaza palepale, Clement alihisi ule moto ukimpanda shingoni upya.

Jumapili moja, wageni wakiwa bado wanacheka, alishindwa kuvumilia.

"Hujakimaliza," akamwambia kwa sauti ya chini.

Noreen akamtazama, safari hii usoni kabisa, muda mrefu kidogo.

"Mimi huwa nakimalizia hapo," akasema, akamwongezea mchuzi kwenye sahani.