Nilimfundisha Kaka Yangu Asishtuke

Kosa ni langu. Wacha nianze hapo ili msipoteze muda kumtafuta mwingine, maana nyumbani tulishatafuta sana: tukamlaumu aliyepiga simu, tukawalaumu polisi, hata Mama akajilaumu. Ni mimi. Msichana wa miaka kumi na tano, mchekeshaji wa darasa, niliyezoea kusamehewa kwa sababu watu wakishacheka wanasahau kwamba walikuwa wamekasirika.

Kaka yangu ana miaka kumi na minane. Nyumbani tunamwita Wakili tangu utotoni, kwa sababu hata ukimwambia akalale anataka sababu mbili. Mwaka jana alikuwa afanye mtihani wa kuingia chuo kikuu kusomea sheria. Unakaa mbele ya kompyuta, dakika tisini na tano za maswali ya kuchagua jibu, halafu dakika arobaini za insha. Unaufanya mara moja tu kwa mwaka. Ukiuharibu, ngoja mwakani.

Mwalimu wake alimshauri afanye mazoezi kama ndiyo siku yenyewe. Wakili akalichukua hilo kama amri ya jeshi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, saa ileile ya mtihani, anakunywa uji, anaenda msalani, anavaa viatu ndani ya nyumba, anaziba masikio kwa vizibo vya sponji, anakaa sebuleni ameupa mlango mgongo. Akaniomba niwe msimamizi.

"Kazi yako ni kunisumbua," akaniambia. "Kule watu watakohoa, watabamiza milango. Sitaki kushtuka."

"Nikusumbue kiasi gani?"

"Mpaka uchoke."

Jamani. Kuniambia mimi hivyo.

Jumamosi ya kwanza nilipiga sufuria kwa mwiko nyuma ya kichwa chake. Ya pili nikammwagia maji shingoni. Ya tatu nilimrushia kandambili, moja ikampata sikioni. Ya nne nikamvuta kofia ya sweta mpaka kiti kikayumba, naye bila kugeuka akanitia kiwiko cha tumbo. Nikakaa kwenye zulia nikitafuta pumzi, yeye anaendelea kubofya majibu. Tulicheka wiki nzima. Alikuwa ameiva. Ungemwambia nyumba inaungua, asingeinua kichwa.

Jumamosi ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho. Zilibaki siku nne.

Mama, anayefanya kazi ya kutunza wazee, hupenda kutusimulia mtihani wake wa kidato cha nne kule Kisii: askari mlangoni na bunduki, ati karatasi zisiibwe. Nikaona huyo askari ndiye tunayemkosa. Nilikuwa na bunduki ya plastiki ya bluu. Nikaipaka polishi nyeusi ya viatu mpaka ikatisha. Nikavaa koti kubwa la Baba na bereti ya Mama, nikasimama nyuma ya Wakili nimekunja uso. Wazazi walikuwa kazini.

Sasa, nyumba zetu za mtaa wa Lozells, hapa Birmingham, Uingereza, zimebanana, na dirisha letu la sebule liko hatua mbili tu kutoka kwa mtu anayesubiri basi. Pazia lilikuwa wazi. Mtu akachungulia, akaona kijana anaandika na mwenye bunduki amemsimamia. Akapiga simu. Ningekuwa yeye, ningepiga pia.

Mlango haukugongwa, ulivunjwa. Vipande vya mbao vilinipita usoni. Wakaingia watu wenye kofia ngumu, na bunduki zao hazikuwa za polishi. "Tupa! Lala chini!" Nikatupa. Nikalala, na goti la mtu likaja mgongoni mpaka nikahisi mbavu zinaachana. Kutoka pale chini nikamwona Wakili.

Alikuwa anasoma.

Watu watano wanampigia kelele aonyeshe mikono, yeye anasoma. Kelele yoyote iliyopenya vile vizibo, kwake ilikuwa mimi. Nikajaribu kumwita, mdomo umekandamizwa kwenye zulia. Mmoja wao akamshika bega. Wakili, macho kwenye kompyuta, akasema, "Toka hapa, nyani wewe, bado dakika mbili," akatupa kiwiko.

Kikampata askari chini ya jicho.

Walimng'oa pamoja na kiti. Uso wake ukagonga ukingo wa meza, jino la mbele likaruka likatua karibu na mkono wangu, jeupe, refu kuliko nilivyodhani meno yalivyo. Damu ikatapakaa kwenye kompyuta. Wakamkunja mkono nyuma mpaka bega likateguka, kwa mlio kama wa kuvunja paja la kuku. Alipiga yowe ambalo sijawahi kusikia likitoka kwa mtu. Kisha kichwa chake kikageukia upande wangu, akaniona nami niko chini, na nikaona anaelewa.

Hapo simu yake ikalia pale mezani. Muda ulikuwa umeisha. Kengele niliirekodi mwenyewe, kwa sauti yangu: "Kwisha, wakili wa kuku, mikono juu!" Ikarudia. Ikarudia tena. Hakuna aliyeinuka kuizima.

Jioni walituachilia. Mimi nilipewa onyo. Wakili alirudishwa bega hospitalini. Baba hakunigusa. Alikaa kwenye ngazi na sare yake ya kazi, lile jino amelishika ndani ya tishu, akauliza, "Mlikuwa mnacheza nini?"

Mama alitaka aahirishe. Wakili akakataa, akasema amejiandaa kuliko mtu yeyote Birmingham nzima. Jumatano akaenda, mkono mmoja umefungwa kitambaa shingoni.

Aliniambia baadaye, taratibu, kama anayetoa ushahidi. "Nilikuwa naenda vizuri. Halafu mtu akabamiza mlango."

"Ukashtuka?"

"Nikainua mikono juu."

Yote miwili. Hata ule mbovu aliutoa kwenye kitambaa. Msimamizi akamjia, maana kule ukiinua mkono unaomba msaada. Akamuuliza kama anataka kwenda msalani. Wakili alishindwa kuishusha. Saa kwenye kompyuta ikaendelea kuhesabu, na baadaye, kwenye insha, aliandika aya moja.

Chuo kilimkataa.

Mwaka huu anajiandaa tena. Si sebuleni, jikoni, ameegemea ukuta, mlango anauona. Havai vizibo. Ameniomba niwe naye, lakini nikae mbele yake.

"Mikono mezani," huniambia. "Niione."

Basi kila Jumamosi nakaa saa mbili na robo, mikono mezani, sifungui mdomo. Mimi. Pua ikiwasha naomba ruhusa kwa macho. Juzi mfuniko wa sufuria ulianguka wenyewe, na viganja vyake vikaanza kupanda. Akaviona. Akavishusha kimoja kimoja, akarudi kwenye swali. Hatukucheka.

Wewe unayesoma hapa na una ndugu anayejiandaa kwa mtihani, na unajiona mcheshi, nisikilize. Usimfundishe kupuuza sauti yako. Siku moja utamwita kwa kweli. Mpe maji yake. Mpe kalamu ya akiba. Na ukitoka, funga mlango polepole.