Ukucha Ulioninyima Alhamisi Kuu

Kwa miaka mingi nimeosha malori pale Malaba, yakiwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Uganda. Kazi yenyewe ni maji kutwa nzima, na miguu inashinda ndani ya gambuti. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulipoanza kuwa wa manjano pembeni, nilidhani nimejigonga. Kisha ukawa mnene, ukainuka, na kila nilipoukata ulimeguka kama chokaa kavu. Haukuniuma, kwa hiyo niliuacha.

Jumapili moja ya Kwaresima, katekista alinijulisha kwamba nimechaguliwa kuwa mmoja wa watakaooshwa miguu na padri Alhamisi Kuu. Mke wangu alifurahi kuliko mimi. Nilipovua soksi nyumbani, nilitamani kulia.

Nikaanza kuhangaika. Mwenye duka la dawa, bila hata kuutazama mguu, aliniuzia krimu ya mapunye. Nilipaka mpaka ikaisha; ngozi ikalainika, ukucha ukabaki vilevile. Mwenzangu wa kazini akasema dawa ni siki. Nikaloweka mguu hadi nyumba nzima ikanuka achari. Mwishowe nikaukwangua kwa wembe, nikajikata, nikawa na ukucha mbovu na kidonda juu yake. Mke wangu alikuwa ameniambia tangu mwanzo niende hospitali. Safari hii alinifunga kidonda, akachukua mkoba wake, tukaenda.

Daktari, mama wa makamo, alikwangua unga kidogo chini ya ukucha akaupeleka maabara, akasema anashuku fangasi. Majibu yalipothibitisha, alinipima damu kuona kama ini langu ni zima, kisha akaniandikia vidonge vya miezi mitatu. Nikamuuliza kama Pasaka itanikuta nimepona.

"Mzee, dawa inaua fangasi, lakini haitengenezi ukucha ulioharibika," alisema. "Lazima uote mwingine kutoka chini. Huenda ukangoja mwaka mzima, au zaidi."

Nilitoka pale nimemkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyeniambukiza.

Nilimwomba katekista atafute mtu mwingine. Alinisihi, nikakataa, na sababu sikumpa. Alhamisi Kuu nilikaa benchi la nyuma, viatu nimevifunga kamba vizuri, nikimtazama shemeji yangu akioshwa mguu mahali pangu. Padri aliinama akaubusu.

Vidonge viliisha na ukucha bado ulikuwa unatisha. Nilizichoma gambuti za zamani, mpya nikawa nazianika juani, soksi nabadilisha mchana, vidole nakausha kimoja kimoja kama vya mtoto mchanga. Polepole kipande safi kikaanza kuchomoza chini. Sasa kimefika nusu, na nusu iliyobaki bado inanitia hasira kila ninapooga.

Juzi mke wangu alikuwa akifuta rangi ya kucha, akaniita nije kuangalia. Ukucha wake mmoja wa mguuni ulikuwa umegeuka manjano. Daktari alikuwa amenikataza kuazimana viatu, lakini slipasi za bafuni, tunazovaa sote wawili, sikuwa nimezihesabu kuwa viatu.

"Baba watoto," alisema taratibu, "mimi siki sitaki."

Jumatatu asubuhi tulikuwa kliniki, na foleni ilikuwa imefika nje.