Matairi ya Mkokoteni Kwenye Gari la Mwanangu

"Mama, toka chini ya gari."

"Sitoki."

"Mama, nawasha."

"Washa. Ukirudi nyuma unanikanyaga mimi. Ukienda mbele unaenda kufa. Chagua."

Ndugu zangu, mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, na nina duka la matairi ya mtumba hapa Chapwa, Tunduma.

Asubuhi ile nilikuwa nimelala chali kwenye matope, kitenge kimelowa, kichwa na mabega viko uvunguni mwa gari la mwanangu.

Majirani wamejaa. Mmoja anarekodi.

Ilikuwa hivi.

Mwanangu Gasper alinunua gari la michezo lililotumika. Jekundu, milango miwili, limelala chini kama paka anayewinda. Sikulipenda, nikakausha. Matairi liliyokuja nayo yalikuwa vipara, nikamwambia, "Gari la kasi linataka tairi pana, fupi, tena changa. Dukani sina. Subiri niagize."

Hakusubiri.

Mkewe, Irene, alikuwa na harusi ya kaka yake Mbeya siku ya Jumamosi, na gari hilo ndilo lililopangwa kubeba maharusi. Ijumaa Gasper akaenda kwa rafiki yake Clever, fundi tairi, akafunga manne.

Jumamosi saa moja asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha. Irene kashakaa kiti cha mbele, amempakata mjukuu wangu Nesta, miezi saba. Mimi nilikuwa naelekea dukani, kisu cha kukatia makatambuga, vile viatu vya matairi, kiko kiunoni. Nikasimama kuwaaga.

Nikayaona matairi. Yanang'aa.

Yanang'aa mno. Nikapitisha kidole, kikarudi cheusi. Rangi ya viatu.

Ndipo nikajitupa chini.

"Mama unatuchelewesha!" Gasper anafoka. "Si unaona kashata za tairi zilivyo nene?"

"Kashata siyo umri. Hata bibi kizee anaweza kuwa na meno yote."

"Wewe hupendi tu nipendeze."

"Uwe hai kwanza. Kupendeza utakuta huko mbele."

Niliwasha tochi ya simu, nikamulika ubavu wa ndani wa tairi la nyuma. Tarakimu nne: 3209.

"Wiki ya thelathini na mbili, mwaka elfu mbili na tisa. Gasper, tairi hili linatoka kiwandani wewe uko darasa la pili, unakojoa kitandani."

Majirani wakacheka. Yeye hakucheka.

"Clever kasema ni mapya, yametoka Zambia."

"Clever kakupiga. Mpira ukizeeka unakauka. Hapa mjini utakuvumilia. Ukikimbia nao ukapata moto, mteremko wa Senjele, malori mbele na nyuma, unapasuka. Na hapo kiti cha mbele amekaa nani?"

"Nitaenda polepole."

"Wewe? Na gari hili?"

Akawasha kweli. Ule muungurumo ulinipita kifuani, na Nesta akaanza kulia ndani.

Nikaanza kuomba. Mimi ambaye sijawahi kumuomba mtoto niliyemzaa. Nikamwambia nendeni na basi, nauli juu yangu. Nikamwambia nitakodi Noah. Nikamwambia niachie hata mtoto.

"Maharusi wapande Noah? Ukweni wanicheke mpaka kaburini?"

"Bora wakucheke wewe upo."

Ndipo Irene akashusha kioo. Irene ni mtu wa maneno machache. Akazima gari yeye mwenyewe, akaniuliza kwa upole.

"Mama, hiyo tarehe iko upande wa ndani. Hata Gasper hajaiona. Wewe umeenda moja kwa moja. Umejuaje?"

Ningeweza kudanganya. Mfanyabiashara wa mpakani hakosi neno. Lakini mtoto alikuwa bado analia.

Nikatema mate kwenye pindo la kitenge, nikasugua ubavu wa tairi. Weusi ukatoka. Chini yake, kwenye mashimo ya herufi, ikatokea rangi ya njano.

Gasper akashuka, akainama karibu yangu.

"Hiyo njano ni ya nini?"

"Ni yangu."

"Yako kivipi?"

Nikajivuta nje, nikakaa kwenye matope, nikasema.

Dukani kwangu, tairi lililozeeka kiasi cha kutobeba mtu nalipiga msalaba wa njano ubavuni, pale penye tarehe. Hayo nawauzia wafugaji wa kule chini Momba, kwa mikokoteni. Ng'ombe hakimbii. Tairi likipasuka, anasimama anakuangalia.

Miezi mitatu nyuma alikuja Clever. "Bamayo, mama yangu, nipe zile za njano. Kuna mzee kule Kamsamba ana mikokoteni." Akachagua kumi na mawili. Yote mapana, yote mafupi, yote inchi kumi na saba.

Gasper akauliza taratibu, na huo utaratibu ndio ulioniua.

"Mama. Mkokoteni gani unavaa tairi la inchi kumi na saba?"

"Hakuna."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikaandika kwenye risiti 'ya mkokoteni', kwa mkono wangu. Mzigo ulikuwa umenikalia miaka miwili. Sikumuuliza kwa sababu niliogopa jibu."

"Kwa hiyo shida ni nisife mimi. Wengine sawa?"

Akafuta mikono kwenye suruali yake ya harusi, akarudi kwenye usukani.

"Saa zimeenda. Tutaenda nayo hivyo hivyo. Mungu yupo."

"Mungu hakuyapaka rangi ya viatu!"

Akawasha.

Nikachomoa kisu, nikakizamisha ubavuni, pale tairi lilipo laini. Likapiga mluzi. Nikarukia la pili. Gasper anapiga kelele, "Mama! Mama!" Nikazunguka mbele. La tatu. La nne.

Gari likaketi kwenye matope kama ng'ombe aliyekataa jembe.

Irene akashuka na mtoto, akachukua begi, akasimamisha bajaji ya kwenda stendi. Akaniambia neno moja tu: "Asante." Gasper akamfuata. Hakunitazama.

Mimi sikwenda kubadilisha nguo. Nilikwenda dukani na matope yangu, nikakata kila tairi lenye njano, mpaka mkono ukavimba.

Nikampigia Clever. Hapatikani.

Nimejifunza kitu kimoja, nawapa bure: ukiona aibu kumuuliza mteja anakwenda kukifanyia nini kitu ulichomuuzia, jibu unalo tayari.

Sasa fanyeni hesabu. Nilimuuzia kumi na mawili. Manne nimeyakata.

Manane yako barabarani, yamepakwa weusi, yanapendeza.

Kama umefunga matairi mapana ya inchi kumi na saba hapa Tunduma miezi hii, chukua kitambaa kibichi, sugua ubavu wa ndani. Ukiona njano, paki hapo hapo ulipo.

Kunitukana utanitukana. Duka langu liko Chapwa, sihami.

Lakini shusha watoto kwanza.