Hakimu Aliyeng'arisha Gari Lake Mwenyewe

Habari za kifo cha jirani yangu, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo, zilinikuta sokoni hapa Kyela nikichagua ndizi. Presha ilimpanda asubuhi, akakimbizwa hospitali, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki. Wanawe walitaka kumsafirisha hadi Singida alikozaliwa, lakini marehemu mama yao alikuwa amekwisha kuwaambia angali hai, kwa sauti ileile aliyosomea hukumu, kwamba azikwe hapa alipofanyia kazi. Tulimzika siku iliyofuata. Msibani watu walizungumzia ukali wake mahakamani, jinsi alivyomnyamazisha mtu kwa kumtazama tu juu ya miwani. Mimi sikuwahi kufika mbele yake nikiwa na kesi. Nilimfahamu baada ya kustaafu, na nilimfahamu kupitia gari lake.

Lilikuwa gari dogo la bluu, kuukuu. Jua na mvua za huku zilikuwa zimelipausha, paa likawa kama limemwagiwa majivu, na ubavuni kulijaa mikwaruzo ya matambara machafu ya waosha magari. Mtu mwingine angelipeleka gereji likapigwe rangi upya. Yeye aliamua kuliponya nyumbani, kwa mikono yake. Alijifunza kwenye simu, akaagiza vifaa kutoka Mbeya: mashine ya polishi, dawa za kusugulia, vitambaa laini, na kichupa cha seramiki, dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi na kukauka kuwa utando mgumu unaong'aa. Majirani walishangaa kumwona mheshimiwa amepiga magoti uani, kanga kiunoni, anasugua mlango wa gari. Aliyecheka zaidi alikuwa mkulima mmoja wa Bujonde ambaye hupita pale akipeleka kokoa yake kuuza. "Mama Hakimu," alimwambia siku moja nikiwepo, "gari hilo ukilisugua sana litakwisha, ubaki na usukani." Hakimu hakuzima hata mashine.

Mkulima alikaribia kusema kweli. Wiki za mwanzo mama huyu aliikandamiza mashine mno kwenye ukingo wa boneti, rangi ikaungua hadi ikatokea ya chini, ya kijivu. Fundi wa rangi aliyeitwa kutazama alisema ni kazi ndogo, mama alilete gereji, yeye alipulizie rangi. Akakataa. "Nimeharibu mimi," alimwambia, "acha pabaki hivyo nipaone kila nikitaka kufanya haraka." Fundi alinitazama mimi, kana kwamba ningeweza kukata rufaa. Tangu siku hiyo hakimu alikwenda polepole, sehemu moja baada ya nyingine, anafuta, anainama kutazama rangi kwa mwanga wa pembeni, anarudia. Mikwaruzo ikaanza kutoweka. Bluu iliyotokea sikuwa nimewahi kuiona kwenye gari lile, na nadhani hata yeye hakuwahi.

Siku ya kupaka seramiki aliipanga kwa uangalifu, maana dawa hiyo ikishapakwa haitakiwi kuguswa na maji hadi kesho yake, na Kyela kupata siku kavu ni bahati. Alingojea pia wapite wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi, wasije wakanasa. Akapaka asubuhi, gari likiwa chini ya banda la mabati. Alasiri tumekaa barazani tunalitazama, mvua ikashuka. Banda lilikuwa zima, hatukuwa na wasiwasi. Ndipo akatokea yule mkulima wa Bujonde, ameloa chapachapa. "Ugonile, Mama Hakimu," alisema, kwa kuwa huku hata penye shida salamu hairukwi. "Mke wangu kaumwa na nyoka kwenye mpunga. Wamembeba hadi barabarani. Bodaboda hawataki, njia imejaa maji."

Hakimu aliinuka kufuata ufunguo. Mkulima alipoushika mlango wa gari, yeye akasema kwa mazoea, "Usiguse, dawa haijakauka." Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. "Basi, fungua. Ingia." Nami nikaingia nyuma. Tulimkuta mke wa mkulima amelazwa chini ya mgomba, mguu umevimba, anatetemeka. Matope yaliruka hadi kwenye vioo, na majani ya miwa yaliyoinamia njia yalitukwaruza pande zote mbili. Hakimu aliendesha bila kupunguza mwendo hadi hospitali. Mgonjwa alitibiwa, akalazwa, akapona, ingawa mguu humsumbua mpaka leo. Madoa ya maji yaliganda juu ya dawa ya gari, ikabidi isuguliwe yote na kazi ianze upya.

Mkulima alikuja na mchele kushukuru. "Ndaga fijo, Mama. Lakini gari tumekuharibia. Hukuumia?"

"Niliumia," hakimu alimjibu. "Njia nzima nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia nyoka, nikakukasirikia na wewe." Akampa kitambaa. "Shika. Anza na mlango ule."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Tumezoea kuwasifu watu wema kana kwamba wema wao hauwagharimu kitu, kana kwamba mwenye moyo mzuri hajali mali yake. Huyu alijali. Siku hizi wengi wetu vitu vyetu tunavikabidhi kwa wengine wavitunze, au tunaviacha vichakae tukingoja kununua vingine, na wastaafu wetu tunawawekea kiti kivulini kana kwamba mikono nayo imestaafu. Yeye alichagua kazi ambayo hakuna aliyemtuma, akaipenda hadi ikamtia hasira ilipoharibika, na bado aliitoa inyeshewe kwa ajili ya mtu aliyekuwa akimcheka. Nimejifunza kwake kwamba kutoa kitu usichokithamini si kutoa sana. Tutunze vya kwetu vizuri, kwa mikono yetu, tuvionee hata uchungu, ili siku tukiitwa tuwe na cha kutoa kinachotuuma.