Nguo ya shibiri moja

Saa tatu asubuhi, duka la vitambaa limeshajaa. Foleni inaanzia kaunta hadi mlangoni, na fundi wa cherehani mwenye miaka arobaini na saba ni wa sita. Macho yake yako kwenye jora moja tu la pamba nyeupe, laini, lililobaki jembamba kama mchi.

Wateja humwita Mama Shibiri, kwa sababu hupima kwa kiganja kabla ya kushika tepu. Sare za shule ndizo zinazomlisha. Lakini kila Alhamisi, yeye na jirani zake wawili hushona nguo wasizouza. Ni za watoto wanaozaliwa bila uhai. Juzi nesi wa wodi ya wazazi alimpigia simu: zimebaki mbili.

Mbele yake, binti mjamzito ananyoosha kidole.

"Hilo hapo. Nipimie lote."

Mama Shibiri anatazama mkasi ukimaliza kazi yake.

Zamu yake inafika. Mkata vitambaa, mwanamume mnene mwenye penseli sikioni, anacheka naye.

"Na wewe mama unatafuta hiyo hiyo? Mjukuu anakuja? Hongera. Mwaka huu mtaa mzima hautalala."

"Asante."

"Sasa hiyo imekwisha. Usubiri nyingine itoke ghalani, au chukua mabaki haya, nakupa bure."

"Nitasubiri."

Anakwenda kukaa kwenye benchi karibu na mlango. "Ningemjibu nini?" anasema kwa sauti ya chini. "Binti wa watu amesimama pale na tumbo la miezi minane. Mengine hayasemwi mbele ya mwenye mimba."

Na mabaki ya bure, mbona hakuyachukua?

"Mtoto huyu nguo yake ni moja. Hakui akabadilisha. Leo nimshonee viraka?"

Miaka kumi na tisa iliyopita, kifungua mimba wake alitoka kimya. Alikabidhiwa mtoto akiwa amefungwa kwa kipande cha shuka la wodini. "Muhuri wa hospitali ulikuwa kifuani pake," anasema. "Sura yake inaanza kunipotea. Muhuri haujanipotea."

Anatoa utepe mweupe mfukoni, anaupima shibiri moja moja, kila shibiri anafunga kifundo. Nguo zake hazina vifungo. Ziko wazi mgongoni na hufungwa kwa utepe, kwa kuwa mkono wa mtoto wa namna ile haukunjwi kwa nguvu.

Pembeni yake amekaa muuza mkaa, mama mtu mzima, aliyekuja kununua zipu moja. Zipu ameshaipata, yuko hapo anapumzisha miguu. Anautazama utepe muda mrefu.

"Dada, huo unafungwa kwa nyuma?"

"Kwa nyuma."

"Mwanangu alipewa nguo hiyo wodini, mwezi wa nne. Ndiyo aliyovishwa mjukuu wangu."

Vidole vya Mama Shibiri vinasimama.

"Ilimtosha?"

"Ilimtosha. Mama yake alimpakata saa nzima. Hatukujua imetoka kwa nani."

Mama Shibiri anageukia ukuta, anajifuta uso kwa utepe ule ule. Miaka saba anashonea watoto asiowaona, kwa kukisia kiganjani. Hakuna aliyewahi kumwambia kama zinatosha.

Muuza mkaa haondoki tena. Wanakaa bega kwa bega, wakiongea kidogo kidogo, mpaka saa sita jora linapoletwa.

"Kushona sijui," anasema muuza mkaa. "Mikono yangu hii ni ya magunia."

"Kukata utepe?"

"Mkasi nani asiyeujua, mwenzangu?"

"Basi Alhamisi. Ila unawe kwanza."

Wanacheka, macho bado mekundu.

Mkata vitambaa amesikia. Anapima polepole, na akifika mwisho anaongeza mikono miwili ya kitambaa bila kuitoza. "Mama, pole. Nisamehe kwa ile hongera."

"Sikuitupa," anajibu. "Nimemwachia yule binti."

Nje, Mama Shibiri na muuza mkaa wanakibeba kitambaa wote wawili, kila mmoja na ncha yake. Wodi inasubiri nguo kumi na mbili kabla ya Jumamosi. Baada ya hapo, Mama Shibiri ana ombi moja tu.

"Kinachobaki kinizeekee kabatini," anasema. "Kikae bila mtoto wa kukihitaji mpaka kigeuke manjano, nikikate pazia."