Buenos Aires kwa Darubini

Mke wangu alikuwa mshonaji, mimi dereva wa basi, na kati yetu wawili kiburi kilikuwa changu. Mtu anayeshinda kutwa akiwapeleka wenzake wanakotaka kwenda, miaka nenda miaka rudi, mwishowe huamini kwamba anajua njia zote za dunia. Hilo ndilo lililoniponza.

Tuliingia Brussels mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Baada ya miaka kumi na kitu daktari alituambia moyo wa mke wangu umechoka. Kama kuna safari tunayoitamani, alisema, twende kabla ya baridi, na isiwe ya mbio. Nilidhani atataka Lubumbashi, kwetu. Akakataa katakata. Lubumbashi ni mizigo ya watu, ni makaburi ya kuzungukia, ni wageni mlangoni hujanawa uso. Alitaka Buenos Aires.

Sababu niliijua. Alilelewa na masista, na yule aliyemfundisha cherehani alitoka huko. Sista alimwambia kwao kuna barabara pana mno, hata taa ya kuvukia hugeuka nyekundu mtu akiwa bado katikati. Mtoto asiye na mama huyashika maneno kama hayo. Miaka arobaini baadaye, akikunja vitenge vya wateja dukani barabara ya Chaussée de Wavre, hapo Brussels, alikuwa bado akiniuliza kama barabara ile ipo kweli.

Mimi nilitaka Montevideo. Ni mji mkuu pia, wa nchi jirani, kwenye mto mmoja na Buenos Aires, lakini mdogo na mpole. Niliogopa. Kila nikifumba macho nilimwona ameanguka katikati ya barabara yake ile, magari yakimpigia honi. Hilo sikumwambia. Mwanamume wa kwetu hasemi ninaogopa, anasema nimeamua. Tulibishana wiki mbili katika chumba chetu cha mtaa wa Saint-Gilles, mpaka nikapata ujanja.

“Bon, maman, sikiya,” nilimwambia tukila. “Tutalala Montevideo. Buenos Aires utaiona tu kule ng'ambo. Haukumbuke Kin?”

Alikumbuka. Kabla ya kuja Ulaya tulisubiri viza Kinshasa miezi minne, wageni kabisa, Kilingala chetu hakitoshi hata kuombea maji. Kila alasiri tulikwenda ukingoni kuyatazama maghorofa ya Brazzaville upande wa pili. Miji mikuu miwili, mto mmoja: kwetu sisi jambo hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba ukisimama huku unaona kule.

“Kweli nitaiona, papa?”

“Utaiona. Donc, njo vile,” nikakata shauri: ndivyo hivyo.

“Alors, twende kwako, Montevideo.”

Wiki hiyo alinunua darubini kuukuu kwenye soko la mitumba la Marolles, akaishonea mfuko wa kitenge.

Tiketi zilikuwa tayari nilipomsimulia dereva mwenzangu kituoni, Mhispania aliyewahi kuishi kule. Alicheka. Mto ule pale Montevideo ni kama bahari, alisema. Huoni kitu. Kwenda Buenos Aires ni saa kadhaa kwa meli. Ningeweza kurudi nyumbani jioni ile nikamwambia mke wangu: nimekosea. Ni neno moja. Sikulisema. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilivuka Atlantiki.

Kule Montevideo kila asubuhi tuliketi kwenye ukuta wa ufukweni. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, nayo hayakuwa na mwisho. Aliinua darubini, akaishusha, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaiinua tena.

“Leo kuna ukungu,” nikamwambia. Kesho yake nikasema ukungu tena, na jua lilikuwa wazi kabisa.

Siku ya nne akasema, “Papa, iko bateau ya kuvuka kule ng'ambo. Nilisikia ku hôtel. Tuende?”

“Na ule moyo yako, itaweza bateau?” Nilimkaripia mbele ya watu. Nilijionea aibu papo hapo, na bado sikunyoosha mkono kumshika.

Akanipa darubini. “Tazama weye. Macho yangu haiko mazuri. Unaiona?”

Niliiweka machoni. Maji matupu.

“Ninaiona,” nikasema.

“Na barabara?”

“Na barabara. Iko pana, maman. Batu banavuka, bengine banakwama katikati.”

Alifumba macho asikilize vizuri. Nikaendelea, nikamjengea maduka, miti, mabasi, hata sista mmoja aliyekuwa akivuka na mwavuli. Sikuweza kuacha.

Alifariki Brussels, mwezi wa pili baada ya kurudi. Matanga yalikuwa kwenye ukumbi wa parokia huko Evere, na wanawake wa kwaya yake walikuja mmoja mmoja kunipa pole. Maman mmoja mtu mzima alinishika mikono yote miwili.

“Papa, alikuwa anatuambiaka kila dimanche kisha ya misa: bwana yangu alinionyesha Buenos Aires. Ile barabara ya sista. Njo kweli?”

Ile darubini ilikuwa ndani ya koti langu, katika mfuko wake wa kitenge.

“Njo kweli,” nikasema.

Akageuka akawaita wenzake waje, niwaeleze na wao jinsi ilivyo pana.